Majina Juu ya Majani: Ufunguzi wa Filamu katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Filamu inayohusu nyanda za chai za Kericho na Bomet huanza, mara nyingi mno, kwa rangi ya kijani. Kamera imepaa, mashamba yametandazwa chini yake kama zulia, muziki wa taratibu waingia, kisha majina ya waigizaji na watengenezaji yajitokeza meupe juu ya majani, yakae kidogo, yafifie. Ufunguzi wa namna hii umekuwa mazoea katika matangazo ya biashara na katika video za nyimbo, na sasa ndio unaomjia kwanza akilini mwanafunzi anayeazima droni kwa siku moja. Swali linaloshughulikiwa katika makala haya ni dogo kwa sura, lakini lina uzito wake: majina yale yanaandikwa juu ya nini?

Wahakiki wa Kiswahili hawajaijali sana sehemu hii ya filamu. Yamkini sababu ni kwamba majina ya ufunguzi hutazamwa kama jalada la kitabu, kitu cha mchapishaji wala si cha mtunzi. Hata hivyo, zoezi la darasani limekuwa likidokeza vingine. Mtihani wa Cambridge wa taaluma ya vyombo vya habari umewahi kumtaka mtahiniwa atengeneze majina na ufunguzi tu wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika mbili, filamu ambayo haitakamilika kamwe. Mwanafunzi wa shule anayejiandaa kwa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu naye ana dakika chache za kazi nzima, hivyo dakika ya kwanza ni sehemu kubwa ya mali yake. Wote wawili huambiwa wafanye utafiti, na utafiti huo huwapeleka moja kwa moja kwa Saul Bass, au kwa majina yaliyokwaruzwa ya *Se7en* (1995). Hapana ubaya. Lakini fasihi iliyo karibu nao ina nadharia ya mwanzo iliyo kongwe kuliko sinema yenyewe.

Msimulizi anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", hakuna kisa kilichokwisha kusimuliwa. Kilichofanyika ni mapatano: nani atasema, nani atasikiliza. Utenzi nao una dibaji yake. Mtunzi humtaja Mungu, huagiza wino na karatasi, na kwa njia hiyo huvionyesha vifaa vya kazi kabla ya kazi. Katika *Utenzi wa Mwana Kupona* (1858) mama anamwita bintiye akaribie na vifaa hivyo; na mwishoni mtunzi anajitaja kwa jina, anataja Pate alikozaliwa, idadi ya beti na tarehe. Jina, mahali, kiasi cha kazi, wakati. Mtu aliyezoea sinema atatambua mara moja kwamba hiyo ndiyo orodha ya majina ya filamu. Ndiyo sehemu pekee ambapo kazi ya sanaa hukiri kwamba ilifanywa kwa jasho la watu fulani.

Hapa ndipo ufunguzi wa kijani unapoingia matatani. Orodha inayokiri kazi ya watu imewekwa juu ya picha inayoficha kazi ya watu wengine. Kutoka angani mchumaji haonekani, au anaonekana kama nukta. Kijani chenyewe si maumbile. Ni mti uliokatwa kwa kipimo ili usirefuke, ukawa meza inayofikiwa na mkono. Na usawa ule unaoshangiliwa na kamera ni alama za vidole vya watu waliochuma majani mawili na chipukizi, safu kwa safu, juma baada ya juma.

Wala si ardhi iliyokuwa tupu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu kubwa ya ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho ilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kulima kitani, wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 wakaingia Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, na chai ikaenea. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa. Picha ya angani haisemi uongo juu ya mambo haya. Imepaa tu mpaka pale ambapo hayaonekani, na pale ndipo penye mtazamo wa ramani ya mpimaji ardhi na wa picha ya pakiti ya chai.

Mfano mashuhuri zaidi wa kuandika majina juu ya ardhi ya Kenya ni *Out of Africa* (1985) ya Sydney Pollack. Baada ya theluji ya Denmark, gari moshi lakata nyika, muziki wa John Barry wapanda, na majina yapita moja baada ya jingine. Ni ufunguzi uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na mhakiki asiyeukubali ustadi huo hajautazama. Tatizo liko katika ustadi wenyewe. Nchi imegeuzwa karatasi safi. Reli inachora mstari, majina yanaandikwa juu ya mstari. Mtazamaji amekwisha kufundishwa, kabla ya mazungumzo kuanza, kwamba hapa ni mahali pa kufikiwa. Shamba la filamu ile ni la kahawa, tena liko Ngong; lakini funzo lake ndilo lililohamia kwenye chai.

Filamu za kikoloni zenyewe zilitoka shambani kuliko inavyokumbukwa. L. A. Notcutt, aliyeongoza pamoja na G. C. Latham mradi wa filamu wa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na wazo la kutumia sinema lilihusiana na haja ya kupata vibarua walioridhika. Baadaye William Sellers na Kitengo cha Filamu za Makoloni walishikilia kwamba mtazamaji Mwafrika ahitaji picha za polepole, zisizo na hila za kamera. Nadharia hiyo imekwisha kukosolewa vya kutosha. Linalostahili kuongezwa ni kwamba upole ule wa kamera haukufa. Umepanda juu, ukawa upole wa droni.

Na bado chai iliwahi kufunguliwa vingine, tena na watu waliolipwa na wafanyabiashara wa chai. *Song of Ceylon* (1934) ya Basil Wright iliagizwa na bodi ya kuitangaza chai ya Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Mtazamaji anangoja chai haji kuiona. Kamera inapita taratibu kati ya majani makubwa ya msituni, gizani, na sauti inasoma maneno ya Robert Knox, Mwingereza aliyeandika juu ya kisiwa hicho mwaka 1681. Sehemu ya kwanza ni ya Buddha. Biashara yangoja hadi sehemu ya tatu, na inapofika inakuja kwa sauti: bei na maagizo ya London yasikika juu ya picha za watu walio kazini, sauti na picha zikikataa kupatana. Wright hakujinasua kabisa katika mtego wa kuitazama Asia kama mahali pa mafumbo. Lakini aligundua kwamba mwajiri wa filamu si lazima awe mwenye ufunguzi wake, na kwamba sikio laweza kulishuhudia jambo ambalo jicho limekatazwa.

Funzo la sikio lina faida ya pekee kwa Kericho. Nchi hii husikika kabla ya kuonekana: mvua ya alasiri juu ya mabati, mvua ya mawe inayoviogopesha vipando, karani akitaja kilo penye mizani. Mwanafunzi asiye na fedha za droni anazo hizi zote bure.

Saul Bass naye arudi hapa, kwa njia isiyotazamiwa. Majina ya *North by Northwest* (1959) yaanza juu ya kijani kitupu kilichokatwa na mistari. Mistari yageuka kuwa ukuta wa vioo wa jengo la New York, na ndani ya vioo barabara na magari yake yaakisika. Yaani ruwaza ya kupendeza yafichuliwa kuwa mahali pa kazi pa watu. Safu za chai zina mistari kama hiyo. Tofauti ni kwamba droni huenda upande wa pili: hutoka mahali pa kazi ikaishia kwenye ruwaza. Mwanafunzi anayemwiga Bass kwa herufi zake tu ameiga kisichokuwa na kazi.

Filamu za Kenya za karne hii zimelifahamu jambo hili bila kulitangaza. *Pumzi* (2009) ya Wanuri Kahiu yaanza kwa vipande vya magazeti juu ya maji yaliyokwisha, hivyo ardhi yajulikana kwa upungufu wake kabla haijaonekana. *Nairobi Half Life* (2012) ya David "Tosh" Gitonga yamwonyesha Mwas kijijini akiuza filamu kwa kuziigiza mwenyewe. "Paukwa" ya kibiashara, hadhira ikiwa imesimama mbele yake. Kutoka nchi ya mbali zaidi, *Touki Bouki* (1973) ya Djibril Diop Mambéty yamleta mvulana juu ya ng'ombe, polepole, kana kwamba ni picha ya amani, kisha yaingia machinjioni. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoipa hadhira mandhari isiyo na deni.

Lakini kwa nchi ya chai kuna rasilimali nyingine, nayo imo ndani ya majina. Mkipsigis hupewa jina kulingana na wakati au hali ya kuzaliwa kwake. Chepkoech alizaliwa kulipopambazuka, Chebet mchana, Kiprop wakati wa mvua, Kiprotich ng'ombe wakirudi nyumbani, Chelangat magharibi, Chepkemoi usiku. Orodha ya watengenezaji wa filamu iliyotengenezwa Litein au Bomet, hata kama ni ya wanafunzi saba, inaweza kuwa tayari siku nzima ya kazi. Si lazima majina yaelee juu ya mandhari yasiyohusiana nayo. Yanaweza kupangwa yafuate saa: jina la alfajiri likatokea njiani kwenye umande, la mvua likatokea mabati yakinguruma. Hapo jina halimiliki picha. Picha ndiyo inayolifasiri jina.

Pendekezo hili lina hatari yake. Mashamba makubwa hayajawahi kuchumwa na Wakipsigis peke yao. Vibarua wametoka Gusii, Nyanza na Magharibi, na katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 baadhi yao walishambuliwa na kufukuzwa kwa sababu ya kabila, na jina la mtu lilitosha kumtambulisha. Ufunguzi unaojaa majina ya kabila moja juu ya ardhi hii waweza kusomwa kama hati ya kumiliki, na msomaji huyo hatakuwa amekosea. Ila Wajaluo nao huita hivyo hivyo: Akinyi wa asubuhi, Achieng' wa jua la mchana, Akoth wa mvua, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Siku ni moja. Chebet na Achieng' ni saa ileile, katika safu ileile ya chai, na uhariri wa filamu una uwezo wa kuwaweka pamoja kwenye fremu moja bila neno la maelezo.

Suala la mwisho ni la kitaalamu, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Penye mizani mchumaji huandikwa kwa namba na kilo zake. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia ziliteketezwa katika mashamba ya Kericho na watu walioona zikiwanyang'anya hata namba hiyo. Filamu inayopiga picha mikono ya wachumaji kwa ufunguzi, kisha ikayaorodhesha majina ya wapiga picha peke yao, imerudia daftari la karani. Kuwaongeza wachumaji kwenye orodha kwahitaji ridhaa yao, kwani mtu aweza kuwa na sababu njema ya kutotaka jina lake lionekane na mwajiri. Na kwahitaji sekunde. Jina lenye silabi nne, likisomwa kwenye skrini ya simu, ambako kazi nyingi za wanafunzi huishia kutazamwa, haliwezi kukaa kwa muda uleule unaopewa jina la mwigizaji anayefahamika. Itabidi mwelekezi akate mahali pengine, na mahali palipo rahisi zaidi kukata ni ile picha ya angani.