Nyumba za Makumbusho: Twaingia Kutafuta Nini?

 

Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametufundisha adabu ya kuingia nyumba za watu: tusiingie mpaka tubishe hodi na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Kisha ikaja ruhusa ambayo wengi wetu huisoma wakaipita, kwamba hapana lawama juu yetu tukiingia nyumba zisizokaliwa na watu, ikiwa ndani yake mna manufaa kwetu. Wafasiri wamepiga mifano ya nyumba za wasafiri na maduka. Kwa maoni yangu, nyumba za makumbusho nazo zaingia katika maana hiyo, kwani hazikaliwi na mlango wake uko wazi kwa watu wote. Lakini ruhusa hiyo imefungwa na sharti moja, nalo ni manufaa. Basi atakaye kuzipima nyumba hizi na azipime kwa sharti hilo: manufaa yake ni yepi, na yamfikia nani?

Pwani yetu haina uhaba wa nyumba hizi. Mjini Lamu peke yake, mtu aweza kuzizunguka kadhaa kwa miguu katika asubuhi moja. Iko Makumbusho ya Lamu iliyofunguliwa mwaka 1971, pale ufuoni, katika nyumba iliyokuwa makao ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Iko nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyotengenezwa ikarejeshwa kama zilivyokuwa nyumba za zamani. Iko nyumba ndogo ya posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi baina ya mwaka 1888 na 1891. Na iko ngome, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821. Mombasa iko Ngome ya Yesu, na Unguja yako majumba ya masultani. Wageni hutoka ng'ambo wakapanda ndege na mashua kuja kuyatazama haya. Ama sisi wenyewe, wangapi wamezaliwa mtaa huohuo, wakaoa, wakazaa na wakazeeka, na hawajapata kuvuka kizingiti?

Nasema haya si kwa kulaumu tu, maana sababu ziko. Ngome ya Lamu ilikuwa jela mpaka mwaka 1984, na Ngome ya Yesu ilikuwa jela tangu mwaka 1895 mpaka 1958. Mzee aliyekuwa akimpelekea jamaa yake chakula mlangoni hawezi kupaona hapo kuwa ni mahali pa matembezi. Na wengine wasema: "Hayo ni mambo ya watalii, sisi nyumba kama hizo tumezaliwa ndani yake." Neno hili lilikuwa kweli zamani. Leo sikuoni kuwa ni kweli tena, na nitaeleza kwa nini.

Tuitazame hiyo nyumba ya Lamu, kwani hapo ndipo palipo manufaa mengi. Kwanza mtu hufika kwenye daka, penye mabaraza ya mawe ambapo mwenye nyumba alikuwa akiwapokea watu. Kisha huingia tekani, na njia hapo imepinda, hata aliyesimama mlangoni hawezi kuona waliomo ndani. Baada yake ni kiwanda, kilicho wazi juu kuingiza nuru na upepo. Kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na kila kimoja sakafu yake imepanda kidogo kuliko kilichotangulia. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari yabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa. Ukutani zimechongwa zidaka za chokaa, safu juu ya safu, za kuwekea sahani na vyombo. Chooni mna birika la maji, na wazee walikuwa wakitia samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Na katika nyumba nyingi za namna hii kilikuwako chumba kidogo nyuma kabisa, nyumba kati, ambacho kilihusika na kuzaliwa na kufa. Mtoto alipokelewa humo, na maiti alioshewa humo.

Ndugu msomaji, ukiyatia haya akilini utaona kwamba nyumba hii ni darsa. Mafundi hawakuwa na majengo ya vyuo vikuu, lakini walijenga hukumu za sitara kwa mawe na chokaa. Mgeni ana mahali pake, jamaa ana pake, na kila ukizidi kwenda ndani ndivyo haki ya kuingia inavyozidi kupungua. Walijenga hata wikio juu ya njia, kuunganisha nyumba na nyumba, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka barabarani. Kijana aliyekulia katika nyumba ya vyumba viwili, ambayo mlango ukifunguliwa tu mpita njia huona mpaka kitanda, hawezi kuyajua haya kwa kuhadithiwa. Akisimama tekani mwenyewe akageuka kutazama mlangoni, ataelewa kwa dakika moja. Kwa hiyo waliozihifadhi nyumba hizi wamefanya kazi ya kushukuriwa, na asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu.

Baada ya shukrani, sasa tuseme yaliyopungua, maana kusifu peke yake si nasaha.

La kwanza, nyumba hizi hukusanya vyombo na kuviacha vitendo. Chukua mfano wa siwa, zile baragumu kubwa zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Hapana mtu asiyestaajabu akiziona. Lakini siwa haikufanywa itazamwe. Ilifanywa ipulizwe, katika arusi za wakubwa na katika sikukuu, na haikupulizwa ila kwa idhini, na wako waliohisabiwa kuwa na haki ya kupuliziwa na wako waliohisabiwa kuwa hawana. Mtoto akiambiwa umri wake na urefu wake tu, ameambiwa ganda la tunda. Na aambiwe pia kwamba ukubwa wa namna hiyo, wa kuwatukuza watu kwa nasaba zao, ni jambo ambalo dini yetu imelipima kwa mizani ya taqwa ikaliona jepesi.

Katika makumbusho moja ndogo ya pwani, ambayo sina haja ya kuitaja jina, nimeona msahafu wa kuandikwa kwa mkono umewekwa rafu ya chini, na juu yake mbuzi ya kukunia nazi, na kijikaratasi kimeandikwa kuwa ni kitabu cha Kiarabu. Walioweka hawakukusudia dharau. Hawakujua tu, na hapakuwa na mtu wa karibu wa kuwaambia. Siyu ilikuwa mji wa waandishi wa misahafu, na mikono iliyoandika ilitia udhu kwanza. Habari hiyo ndiyo iliyostahiki kuandikwa kwenye kijikaratasi.

La pili ni zito zaidi, na naomba wasomaji wanivumilie. Nani alichota maji ya lile birika? Nani alikata mawe ya matumbawe, akachoma chokaa, akapanda juu na boriti begani? Katika nyumba za matajiri, sehemu kubwa ya kazi hizo ilifanywa na watumwa. Sheria yetu ilifungua milango mingi ya kuwaacha watu huru, ikafanya uhuru wa mtumwa kuwa kafara na kuwa ibada. Lakini hilo halifuti ukweli kwamba katika karne ya 19 biashara ya watu ilikuwa kubwa pwani hii, na Waislamu walikuwamo miongoni mwa wauzaji na wanunuzi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa ila mwaka 1897 huko Unguja, na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya.

Sasa angalia namna habari hizi zilivyogawanywa. Mgeni wa Unguja huenda kwenye majumba ya masultani akatazama viti na vitanda vya mabwana. Kisha huenda Mkunazini, pale palipokuwa soko, ambapo leo pana kanisa kubwa la Kianglikana, na hapo ndipo asomapo habari za watumwa. Bwana ana nyumba yake na mtumwa ana yake, kana kwamba hawakuishi chini ya dari moja. Mimi naona haya ni makosa. Habari ya mchota maji ipasa kusemwa palepale penye birika, na isemwe na sisi wenyewe, wajukuu wa wote wawili, kwani leo tumechanganyika damu na twasimama safu moja msikitini. Mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi, na ushahidi huu ni mojawapo. Tukinyamaza sisi, atasema mwengine kwa namna atakayo, na hatutokuwa na haki ya kulalamika.

La tatu ni juu ya wanawake. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa milki ya mwanamke kwa kiasi kikubwa. Aghlabu binti ndiye aliyeolewa akakaa katika nyumba ya wazee wake, na mume ndiye aliyehamia. Lakini ukiuliza jina la mama mmoja aliyekaa ndani mle, hupati. Makumbusho ya Kasri ya Unguja yalipofunguliwa mwaka 1994, chumba kizima kilitengwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, Sayyida Salme binti Said. Huyu alizaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, na akafariki Ujerumani mwaka 1924. Simhukumu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini tujiulize kwa nini chumba ni chake, na si cha dada zake waliobaki na wakafa katika dini yao. Jawabu ni nyepesi: yeye aliandika. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1886, na mpaka leo atakaye kujua mambo ya ndani ya nyumba zile lazima amsome. Waliobaki hawakuandikiwa, na bibi zetu waliomaliza Qur'ani, waliohifadhi tenzi na waliosomesha mitaa mizima, tunawazika pamoja na ilimu zao.

Hapa narudi kwenye lile neno la "tumezaliwa ndani yake." Nyumba zenyewe zaondoka mikononi mwetu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu kabla ya hapo nyumba nyingi zimeuzwa kwa wageni zikawa nyumba za kulaza watalii. Milango ya nakshi imeng'olewa, sahani zimetolewa zidakani, na misahafu imesafirishwa. Aliyeuza kwa dhiki ya kusomesha watoto simlaumu. Namlaumu aliyeuza kwa kuona haya ya kitu cha kizamani, kisha akanunua kabati la kioo. Na hata majumba yaliyo mikononi mwa serikali hayana dhamana. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa. Mawe yana ajali yake kama sisi. Kinachoweza kubaki ni ilimu ya mawe hayo, ikiwa imeandikwa.

Wako watakaosema kwamba kuhangaika na majumba ya kale ni kuabudu dunia. Nawajibu kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Haya hutazamwa kwa mazingatio. Mtu akitoka katika nyumba ya tajiri wa karne ya 18, akaona zidaka tupu na kitanda kisicho na mwenyewe, na asikumbuke kwamba yeye naye ataiacha nyumba yake, basi alipoteza kiingilio chake. Na akitoka amejaa fahari ya ukoo wake tu, amepata hasara kubwa zaidi.

Basi tufanye nini? Walimu wa madrasa, wapelekeni watoto, na mchukueni pamoja nao mzee mmoja au bibi mmoja anayejua vyombo vilitumikaje, awe yeye ndiye msomeshaji wa siku hiyo. Wazazi, ulizeni leo majina ya waliokaa katika nyumba zenu, mabwana na watumwa, waume kwa wake, muyaandike. Mwenye vitabu vya kuandikwa kwa mkono na asivifungie sandukuni vikaliwa na mchwa. Misikiti na vyuo vyaweza kufanya kama ulivyofanya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambao maandishi yake ya kale yalipigwa picha kwa msaada wa British Library, na vitabu vyenyewe vikabaki mahali pake. Na nyinyi mlio na dhamana ya makumbusho, andikeni kwa Kiswahili kwanza, kisha lugha nyengine zifuate. Uwekeni msahafu mahali pa juu. Na muwaite watu wa mtaa waje wasahihishe yaliyoandikwa juu yao.

Nyumba isiyokaliwa tumeruhusiwa kuiingia kwa ajili ya manufaa. Manufaa hayo yamo, lakini nusu yake imo ndani ya kuta na nusu imo vifuani mwa wazee walio hai, na hii nusu ya pili ndiyo inayotutoka kila siku tunapofuata jeneza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga na waliojengeshwa, atupe macho ya kuzingatia na ndimi za kusema kweli, na azijaalie nyumba zetu, maadamu tumo ndani yake, ziwe nyumba za kutajwa kwake. Amin.