Milimita Mbili na Kitu

Kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaogombana mpaka kununiana kwa sababu ya milimita mbili na kitu. Ni wapenzi wa treni za mfano, wale wanaojenga reli ndogo juu ya meza, na stesheni, na vilima vya plasta, na ng'ombe wadogo sana. Ukisikia ugomvi wao mara ya kwanza unacheka. Halafu ukikaa ukaangalia wanachogombania, unakuta ni swali lilelile linalotugombanisha sisi tunaoandika na kusoma kurasa hizi: kitu ulichokitengeneza kwa kumbukumbu ya kitu kingine, kinatakiwa kufanana nacho kiasi gani?

Tuanze na ugomvi wenyewe. Uingereza treni nyingi za mfano zinatengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 76.2, yaani mita 76.2 za kweli zinakuwa mita moja mezani. Reli ya kweli ya kule ina upana wa milimita 1435 kutoka chuma hadi chuma. Ukiipunguza kwa kipimo hicho unapata milimita 18.83. Lakini reli inayouzwa madukani, ambayo ndiyo ya wengi, ina milimita 16.5. Ilikuwaje? Vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba kuliko vya nchi nyingine za Ulaya, na mota za umeme za zamani hazikuenea ndani yake zikipunguzwa kwa kipimo cha wenzao, 1 kwa 87. Basi mafundi wakakuza mwili wa treni mpaka mota ikaenea, reli wakaiacha ilivyo. Tangu hapo treni ya Kiingereza ya mezani inasimama kama mtu mnene aliyebana miguu. Ukiirudisha reli hiyo kwenye ukubwa wa kweli, inakosa karibu sentimita 18.

Wengi walizoea wakaendelea na maisha. Wachache walishindwa kulala. Katika miaka ya 1960 kikundi chao kikaweka vipimo vipya, milimita 18.83 bila kupunguza, na hiyo maana yake ni kubadilisha magurudumu, njia panda za reli, kila kitu. Wenzao wakawapachika jina la utani: wahesabu ribiti. Yaani mtu anayeinama na miwani kuhesabu vichwa vya ribiti kwenye tangi la maji la treni yako, halafu anakuambia kwa huzuni kwamba zimepungua tatu.

Kwa wale waliopita Kigoma, nitoe mfano wa karibu. Reli ya Kigoma ina upana wa mita moja kamili. Ya ng'ambo ya ziwa, ile ya Kalemie, ni milimita 1067. Kwa kipimo cha 1 kwa 76, tofauti ya hizo mbili haifiki hata milimita moja. Jicho haliioni. Lakini behewa la Kalemie halitembei kwenye reli ya Kigoma hata liombewe usiku kucha. Kwa hiyo mhesabu ribiti ana hoja, tusimdharau. Kuna tofauti ndogo ambazo ndani yake kuna mpaka mzima wa nchi.

Sasa nataka kulinganisha kazi mbili ambazo bahati imeziweka chini ya paa moja, katika makumbusho ya Pendon, kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire. Sijafika huko. Nimeziangalia kwa picha na video kwenye simu, na ukosoaji huu upimwe hivyo.

Kazi ya kwanza ni ya mwanzilishi wa makumbusho hayo, Roye England. Alizaliwa Australia, akaja Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana. Akalipenda bonde moja liitwalo Vale of White Horse, na akaona linavyobadilika mbele ya macho yake: nyumba za zamani zinavunjwa, nyasi za mapaa zinaondolewa, vifaa vya kiwandani vinakuja. Akaamua kulihifadhi kwa mfano. Mwaka 1954 akaanzisha makumbusho, na kazi ile bado inaendelezwa na watu wa kujitolea ingawa yeye alifariki mwaka 1995. Nyumba zinapimwa kutoka kwenye nyumba za kweli. Kuta ni za karatasi ngumu, na mawe na matofali yake yanachorwa moja moja kwa rangi za maji. Paa la nyasi ni la katani. Ndani ya nyumba kuna samani, hata pale ambapo mtazamaji hawezi kuchungulia vizuri. Nyumba moja inaweza kumla mtu miaka.

Kazi ya pili ni Madder Valley ya John Ahern, aliyoianza katika miaka ya 1930. Hii ni reli ambayo haikuwahi kuwepo. Bonde ni la kubuni, mji wa bandari Madderport ni wa kubuni, na hata jina Madder lina mzaha: sikio la Kiingereza linasikia ndani yake "mwenye wazimu zaidi". Majengo aliyaiga kutoka sehemu tofauti, akayapanga jirani kama watu waliokutana safarini. Vichwa vya treni navyo vina asili mbalimbali. Mhesabu ribiti akiingia hapo anatoka na homa. Lakini wakati ule wengi walikuwa wanatandika reli juu ya ubao mtupu na kufurahia treni inazunguka. Ahern aliweka treni ndani ya mahali: barabara inapinda kwa sababu kuna kilima, baa iko karibu na stesheni kwa sababu ndipo watu wanapongoja. Alipofariki, kazi yake ikaja kutunzwa Pendon, kwa watu wa usahihi. Hilo peke yake ni ushahidi kwamba watu wa usahihi walijua wanatazama nini.

Ukiangalia harakaharaka utasema England ndiye mkweli na Ahern ndiye mtunzi wa hadithi. Subiri. Kijiji kikuu cha bonde la England kinaitwa Pendon Parva, na kijiji hicho hakipo kwenye ramani yoyote. Kila nyumba ni ya kweli, imepimwa, ina mahali pake inapotoka. Lakini nyumba hizo zimetolewa vijiji tofauti zikawekwa pamoja. Majirani wale hawakuwahi kuwa majirani. Na reli za Pendon zenyewe zina upana wa milimita 18, karibu sana na ile 18.83, lakini siyo yenyewe. Kumbe hata kwa bingwa wa usahihi kuna mahali alisema: hapa inatosha.

Simwiti mwongo kwa hilo. Nasema ametuonyesha jinsi usahihi unavyofanya kazi. Usahihi ni ahadi, na ahadi ina kikomo. England aliahidi: hivi ndivyo ukuta huu ulivyokuwa, hivi ndivyo paa hili lilivyokaa. Hakuahidi kwamba mama wa nyumba hii aliweza kumwazima chumvi mama wa nyumba ile. Ahern naye aliahidi kitu kingine: reli ya namna hii ingeweza kuishi mahali pa namna hii. Wote wawili walitimiza walichoahidi. Yupo na wa tatu, Mmarekani Frank Ellison, aliyetoka kwenye kazi za maigizo, ambaye katika miaka ya 1940 aliandika kwamba reli ya mfano ni jukwaa na treni ni waigizaji. Kwake kosa kubwa halikuwa ribiti tatu kupungua. Kosa ni treni isiyo na kazi, inayozunguka bila mzigo wala ratiba wala sababu ya kusimama. Hiyo nayo ni ahadi.

Kwa hiyo kuuliza "usahihi una umuhimu kiasi gani?" ni kama kumuuliza mpishi chumvi ina umuhimu kiasi gani. Atakuuliza kwanza: unapika nini?

Hata hivyo nina neno la kumkosoa England, na hapa sisi wa kambini tuna macho ambayo mtalii hana. Yeye alisikitikia nyasi za paa. Sisi tumelala chini ya nyasi, tumelala chini ya turubai, na tunajua thamani ya bati masika yakiingia. Mkulima wa Kiingereza wa miaka ya 1920 na 1930, wakati kilimo cha kule kilikuwa kimeanguka bei, huenda alilifurahia paa jipya lisilovuja kuliko mgeni kutoka Australia alivyolifurahia lile la zamani. Ukuta wa karatasi unaweza kuwa sahihi jiwe kwa jiwe na usiseme lolote kuhusu unyevu ndani, kikohozi cha watoto, kodi ya mwenye ardhi. Kwa 1 kwa 76 unyevu haupimiki. Nikiitazama Pendon Parva naona uzuri mkubwa, na naona pia kwamba mwenye kupima ndiye aliyechagua cha kupima. Ulizeni hivyo kila mara mnapoonyeshwa kitu "sahihi": nani alishika rula?

Watoto wetu wanashika rula yao vizuri tu. Tazama gari za waya wanazotengeneza hapa. Taa hawajali, milango hawajali, rangi ndiyo hakuna kabisa. Lakini lori la chakula litakuwa na matairi mawili mawili nyuma kila upande, na usukani utageuza magurudumu ya mbele kweli. Wamechagua yaliyo na maana kwao: mzigo na njia. Ellison angewaajiri.

Sasa nifike panapouma. Kati yetu wapo wanaoandika kuhusu nyumbani na kila wakisoma mbele ya watu mtu anasimama: "Hapana, ndugu, ule mwembe ulikuwa upande wa shule." Wapo walioacha kuandika kwa sababu hiyo. Na wapo walioacha kwa sababu nzito zaidi. Katika chumba cha mahojiano usahihi una kipimo kimoja tu, nacho hukuchagua wewe. Siku gani, saa ngapi, nani alitangulia, mlango ulikuwa wa rangi gani, na mbona mwaka juzi ulisema jioni? Mtu aliyepita humo anajua kwamba jioni na alasiri zinaweza kutenganisha maisha mawili kama milimita 67 zinavyotenganisha reli mbili. Basi akija kuandika hadithi, mkono unakataa. Anaogopa mwembe wa kubuni usije ukawekwa kwenye faili.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, na tunafurahi mnatusoma, naomba mlishike hili. Anayeandika hapa anaweza kuwa anajenga Pendon Parva: kila nyumba ya kweli, kijiji cha kubuni. Kuchukua ukurasa huo na kuulinganisha na karatasi za ofisini ni sawa na kuchukua behewa la Kalemie na kulilazimisha kwenye reli ya Kigoma. Litaanguka, na mtasema behewa ni bovu.

Na sisi waandishi tuna wajibu wetu, hatuwezi kudai tu. England hakuwahi kuwaambia watu kwamba Pendon Parva iko kwenye ramani. Ahern hakuandika Madderport kwenye ratiba ya treni. Ukiandika ushahidi, sema ni ushahidi, halafu hesabu ribiti zako zote, maana kuna watu waliokufa ambao hawana mwingine wa kuwahesabu. Ukiandika hadithi, sema ni hadithi, halafu uwe huru kuhamisha mwembe. Kinachonikera katika baadhi ya maandishi yetu ni yale yanayotaka heshima ya ushahidi na uhuru wa hadithi kwa pamoja: jina la kijiji ni la kweli, tarehe ni ya kweli, marehemu ni wa kweli, halafu maneno aliyosema akifa yametungwa ili tulie. Hapo ahadi imevunjwa, hata kama lugha ni tamu.

Watoto waliozaliwa hapa hawana nyumbani pa kulinganisha na tunachowapa. Wataamini chochote. Mtu mzima atakusahihisha mwembe. Mtoto ataubeba ulivyouweka, na siku akifika kule ataenda kuutafuta mahali ulipomwambia. Kabla hujamchorea, mwambie kwanza unamchorea njia ya kupita, au unampa mahali pa kukaa akilini mpaka njia ifunguke. Vyote viwili anavihitaji.