Kinjeketile na Watu Wasiokuwa na Mfalme

Ukilitaja neno "anaki" mbele ya wanafunzi wenzetu, wengi wanalitafsiri haraka haraka kuwa ni fujo. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kukosa mtawala, basi. Fujo tumeiongeza sisi. Tunafundishwa kwamba fikra hii ilizaliwa Ulaya: Mfaransa Proudhon alijiita mwanaanaki mwaka 1840, na Mrusi Kropotkin akatoa kitabu mwaka 1902 juu ya kusaidiana kama nguvu inayoendeleza jamii. Sasa tujiulize: wale babu zetu walioishi bila mfalme walikuwa wanasubiri Ulaya iwape jina? Makala haya yanalipeleka swali hilo kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969).

Tuanze na historia. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Wamatumbi hawakuwa na mfalme. Maakida na majumbe waliletewa, hawakuwachagua. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe naye hakuwa mtawala. Alikuwa mganga aliyepandwa na pepo Hongo, na habari za maji yake zilisafiri kwa kunong'onezana. Mjerumani alimnyonga Mohoro mapema Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Vikaendelea hadi 1907! Mtu alikufa, vita havikufa. Ni kweli Wangoni walioingia vitani walikuwa na wafalme wao. Lakini moto uliwashwa na watu wasio na ikulu.

Hussein anatuambia wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia. Haki yake. Ila tutazame anachokifanya na uhuru huo. Katika tamthilia, watu kabla ya maji ni watu wa kushukiana, kila mmoja na kabila lake. Ndipo anatokea mtu mmoja mtoni na neno la umoja, na Kitunda anapewa kazi ya kuwafunza vita. Kukosa mtawala mkuu kunachorwa kama ugonjwa, na kiongozi kama dawa. Ndiyo maana wahakiki wengi wameisoma tamthilia hii kama wito wa umoja wa kitaifa, na usomaji huo ulikubalika kirahisi katika nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967.

Mimi nadai kwamba tamthilia yenyewe inaupinga usomaji huo. Kinjeketile, akiwa amepandwa na Hongo, anawatangazia watu kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka, maneno hayo yanamtesa. Yaani wafe ili wabadilishe bwana? Hapa ndipo kiini cha mchezo kilipo, kuliko hata kwenye maji. Hussein ameweka mdomoni mwa kiongozi shaka ambayo Proudhon angeitambua mara moja: ukombozi unaomngojea mtawala mwema zaidi bado ni utumwa. Tena neno la Kinjeketile linamponyoka. Yeye anataka wangoje, watu wanaingia vitani. Mwisho anakataa kulikana neno lile mbele ya Mjerumani, kwa sababu si lake tena, ni la watu.

Tusipambe lakini. Kukosa mfalme si kukosa mkubwa. Wazee walikuwapo, na wanaume walikuwa na sauti kuliko wanawake. Mchezo unafunguliwa na wanawake wanaozungumza juu ya njaa, kisha maamuzi makubwa yanahamia kwa wanaume. Mhakiki anayetafuta mizizi ya anaki katika jadi asilipite jambo hili kimya kimya.

Wala mizizi hiyo haijafukiwa Umatumbi. Sisi wa Mbagala, ambako Barabara ya Kilwa inatuletea ndugu kutoka Rufiji na kusini, tunaiona kila msiba unapotokea. Turubai linafungwa, daftari la michango linazunguka, akina mama wanainjika masufuria, na hakuna aliyengoja amri ya ofisi yoyote. Upatu nao una kijumbe, hauna mfalme: akizila hela leo, kesho hana wa kumkabidhi mchango. Hii ni nidhamu bila askari. Kuiita fujo ni kutojua Kiswahili.

Kwa hiyo swali ambalo Kinjeketile inatuachia si nani atuongoze. Ni kwa nini kila tukiungana tunaambiwa tumtafute Seyyid Said wetu. Wenzangu mnaoisoma kama tamthilia ya taifa, nijibuni hilo.