Zamu ya Aliyegongwa

Katika malumbano ya washairi, pigo lina adabu yake. Aliyechomwa kwa fumbo hupewa zamu ya kujibu, na wasikilizaji huizuia hukumu yao mpaka jibu lifike. Mbio za magari za NASCAR, zilizoasisiwa Marekani mwaka 1948, nazo ni fani ya mapigo: bampa hugusa bampa, na hadhira ya wajuzi hupima nani kakusudia nini. Lakini je, aliyegongwa ana zamu?

Aliyewapa madereva hao hadhi ya ushujaa katika fasihi ni Tom Wolfe, kwa insha yake juu ya Junior Johnson iliyotoka katika jarida la Esquire mwezi Machi 1965. Johnson, mzaliwa wa vilima vya North Carolina, alijifunzia kasi katika kusafirisha pombe ya magendo usiku. Mwaka 1956 alikamatwa penye mtambo wa babake, akafungwa. Wolfe alitambua vyema kwa nini watu wa kwao walimpenda: kila alipowashinda wenye fedha, nao walijiona wameshinda. Hiyo ndiyo nguvu ya insha. Dosari yake ni kuwa jicho halimwachi shujaa. Anayesukumwa kando hapewi sauti, na mashabiki wengi wamelirithi jicho hilo.

Uwanja wa Bristol, Tennessee, ndio mizani ya jambo hili. Mzunguko wake ni wa takriban nusu maili, na kupitana bila kugusana ni kazi. Agosti 1995, mstari wa mwisho ukiwa mbele yao, Dale Earnhardt alimgonga Terry Labonte kwa nyuma. Labonte aliuvuka mstari gari likiwa limebondeka, akashinda. Agosti 1999, watu walewale, uwanja uleule: Labonte, mwenye matairi mapya, alimpita Earnhardt mzunguko wa mwisho ulipokuwa ukianza. Earnhardt akamgonga tena. Labonte akazunguka njiani, mwenzake akashinda. Baadaye Earnhardt alieleza kwamba alitaka kumtikisa tu. Waamuzi waliyaacha matokeo yasimame, lakini sehemu kubwa ya umati ilimzomea mshindi, na Earnhardt ndiye aliyekuwa kipenzi cha wengi.

Kuzomea huko ni uhakiki wa haki. Mwaka 1995 pigo lilipata jibu. Mwaka 1999 pigo lilimziba mdomo aliyepigwa. Umati haukuhitaji kitabu cha kanuni kuitambua tofauti hiyo.

Umati huohuo, hata hivyo, ulipotea miezi kumi na minane baadaye. Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho huko Daytona, gari la Earnhardt liligusana na la Sterling Marlin, likaacha njia, likagonga ukuta. Earnhardt akafariki. Baadhi ya mashabiki walimtumia Marlin vitisho vya kumuua, kwa mguso mdogo kuliko mingi waliyoishangilia kwa miaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Aliyewarudi ni mfiwa mwenyewe, Dale Earnhardt Jr., aliyesema hadharani kwamba Marlin asilaumiwe. Msimu huo mashabiki walisimama kila mzunguko wa tatu, wakainua vidole vitatu kwa heshima ya namba ya gari la marehemu. Ibada hiyo ilikuwa nzuri, lakini neno la mwana lilikuwa zito kuliko ibada.

Namba 3 hiyohiyo ilirudi kwenye mizani tarehe 11 Agosti 2024, mjini Richmond, Virginia. Austin Dillon, akiiendesha, aliwagonga Joey Logano na Denny Hamlin katika kona za mwisho, akashinda. Safari hii wasimamizi walimwachia ushindi, lakini wakamvua nafasi uliyompa katika mchujo wa ubingwa.

Adhabu hiyo ilikuwa nusu ya hukumu, nayo ilichelewa miaka ishirini na mitano baada ya mazomeo ya Bristol. Insha ya Wolfe itaendelea kusomwa, kwa kuwa inamjua ashangiliwaye. Pembeni yake pana nafasi ya insha nyingine, itakayoanzia ndani ya gari la Labonte, limegeuzwa nyuma mbele, kelele za mwenzake zikipita, na mwenyewe akingoja njia iwe wazi.