Mchezo Kabla ya Kuigiza: Tahakiki ya Mbinu za Viola Spolin katika Kuwafundisha Watoto Uigizaji

Istilahi mchezo wa kuigiza, ambayo katika Kiswahili hutumika sambamba na tamthiliya, imejengwa kwa maneno mawili yenye asili tofauti. La kwanza ni nomino mchezo, itokanayo na kitenzi cheza; la pili ni kitenzi igiza, ambacho mzizi wake, -ig-, ni ule ule wa iga. Lugha yenyewe inadokeza kuwa sanaa hii ina pande mbili: kucheza, yaani kushiriki katika tendo ambalo mwisho wake haujulikani mapema, na kuiga, yaani kurudia tendo lililokwisha kuonekana. Makala haya yanadai kwamba ufundishaji wa uigizaji kwa watoto umeegemea mno upande wa pili, na kwamba mbinu za Viola Spolin (1906–1994), mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Marekani, zinasaidia kuurejesha ule wa kwanza. Yanaonyesha pia kwamba mbinu hizo zinaacha maswali mawili bila majibu ya kutosha: nani anauongoza mchezo, na mtoto anacheza kwa lugha gani.

Katika miaka ya 1920 Spolin alijifunza michezo ya vikundi kwa Neva Boyd katika Hull-House, kituo cha huduma za jamii kilichoanzishwa Chicago mwaka 1889 na kuwahudumia wahamiaji wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alisimamia shughuli za drama katika mradi wa serikali wa ajira mjini humo, akiwafundisha watoto na watu wazima wa asili mbalimbali. Uzoefu huo ndio msingi wa kitabu chake, Improvisation for the Theater (1963), chenye mazoezi zaidi ya 200 na sehemu inayohusu watoto.

Mfano unaoeleza vyema mbinu yake ni mchezo wa mpira usiokuwapo. Wachezaji hukubaliana ukubwa wa mpira, kisha huanza kurushiana. Wakiwa katikati ya mchezo, mwalimu hutamka kuwa mpira umekuwa mzito, au mwepesi, na miili yao hulazimika kuitikia papo hapo. Mtoto haambiwi aigize mtu anayecheza mpira. Hupewa kazi: kuuweka mpira hewani, kati yake na wenzake, usibaki kichwani mwake tu. Watazamaji nao hawaulizwi kama amecheza vizuri. Huulizwa kama mpira ulionekana. Swali hilo huhamisha tathmini kutoka kwa mtoto hadi kwenye kazi, na hivyo humwondolea hofu ya kuchekwa.

Mazoea ya shule nyingi ni tofauti. Ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliieneza katika zama za Azimio la Arusha, imesimama juu ya majibizano, na ingeweza kuwa uwanja wa kushindana kwa fikra. Lakini mara nyingi watoto hukariri beti walizotungiwa, huelekezwa mkono uinuliwe katika neno gani, kisha huzitamka mbele ya mgeni rasmi. Anayebisha katika ngonjera hiyo anajua tangu ubeti wa kwanza kuwa atakubali katika ubeti wa mwisho. Hali ni hiyo hiyo katika maigizo. Mtoto akiambiwa alie kama mfiwa, hushika kichwa na kupaza sauti, kwa kuwa hiyo ndiyo alama ya kilio aliyoonyeshwa. Hajakosea, ameiga alichoagizwa aige. Wala kuiga kwenyewe si kosa. Watoto wanaocheza baba na mama uani huiga pia, ila huamua wenyewe nani awe baba, chakula kiive lini na ugomvi uishe vipi. Uamuzi huo ndio unaokosekana darasani.

Spolin alitambua kuwa sifa na lawama za mwalimu humfanya mtoto acheze ili ampendeze mtu mzima. Akapendekeza mwalimu awe mchezaji mwenza, atoaye maelekezo mafupi kutoka pembeni mchezo ukiendelea. Hapa Kiswahili kinafichua ugumu ambao kitabu hakiumuliki vya kutosha. Anayewawezesha wengine kucheza ni mchezeshaji. Lakini refa naye huchezesha mechi, na refa ana filimbi. Katika darasa ambamo mtoto humwamkia mwalimu shikamoo mlangoni, maelekezo kama "Tazama mpira!" husikika kuwa amri, na mtoto hutazama uso wa mwalimu badala ya mpira. Sarufi inatoa njia nyingine. "Tuutazame mpira" humjumuisha mwalimu kwa kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi; "Umekuwa mzito!" hubadili hali ya mchezo bila kumwamuru yeyote. Anayetaka kuitumia mbinu hii kwa Kiswahili hana budi kuanza na uteuzi huo wa vitenzi.

Swali la pili linahusu zoezi la maneno yasiyo na maana. Wachezaji huwasiliana kwa sauti zisizo za lugha yoyote, na mwili hubeba maana. Zoezi hili linalifaa darasa ambamo mtoto mmoja amelelewa kwa Kisukuma na mwingine kwa Kiswahili, maana kwa dakika chache hakuna anayemzidi mwenzake kwa ufasaha. Lakini hapa lugha huchukuliwa kama kizuizi cha kuvukwa. Watoto wa pwani wamekuwa na mchezo wenye mantiki nyingine: kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa, na kitabu kikawa bukita. Kinyume kina maana kamili kwa anayeijua kanuni, na lugha yenyewe ndiyo kitu cha kuchezea. Mazoezi yanayojengwa juu ya kinyume, vitendawili na majibizano yasiyoandikwa yangempa mtoto fursa ya kusema jambo lake kwa maneno yake.

Fursa hiyo si anasa. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulikusudia wasichana wa sekondari waeleze kupitia sanaa za maonyesho vikwazo vinavyowakabili katika masomo. Lengo la aina hiyo halimfikii mwanafunzi aliyezoezwa tangu utotoni kusubiri ubeti aliotungiwa. Atapewa jukwaa, naye atauliza aseme nini. Michezo ya Spolin inastahili kuingizwa katika madarasa ya Kiswahili, mradi mwalimu aiache filimbi na watoto waruhusiwe kuichezea lugha yao wenyewe.