Umekula Nini Wiki Hii?

Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku. Maskini wa mwaka 2022, waliokwisha kuhesabiwa kuwa milioni 713, wakawa milioni 838. Mwaka ni uleule na watu ni walewale. Kilichobadilika ni kipimo.

Dola hizi si zile za duka la fedha. Hukokotolewa kwa kulinganisha bei za vitu nchi hadi nchi, ili ijulikane fedha inanunua nini kweli pale inapotumika. Mstari wenyewe hutokana na mistari ya umaskini ya nchi za kipato cha chini: hupangwa, ukachukuliwa wa katikati. Wachumi hubishana sana hapo. Mimi naona uzito uko nyuma zaidi, pale mdadisi anapoketi na dodoso na kumwuliza mama wa nyumba kaya yake imekula nini.

Swali hilo lilijaribiwa Tanzania kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson walichukua kaya zipatazo 4,000, kuanzia Kagera na Shinyanga hadi Pwani na Dar es Salaam, wakazigawa kwa bahati nasibu katika mafungu manane. Kila fungu likaulizwa kwa namna yake. Uzuri wa mpango wao ni kwamba namna zote nane zilitumika ndani ya kila kijiji. Mvua ilikuwa moja, gulio moja, bei zilezile. Majibu yakitofautiana, sababu ni swali.

Wengine walisomewa orodha ya vyakula 58, kimoja kimoja, wakikumbuka siku 7 zilizopita. Wengine orodha hiyohiyo kwa siku 14. Wengine waliulizwa makundi 11 tu: nafaka, mboga, nyama. Wapo walioulizwa mwezi wa kawaida ukoje, na hao ndio waliopata taabu zaidi, maana anayekula kwa msimu hana mwezi wa kawaida. Inambidi apige hesabu kichwani. Wengine walipewa shajara. Kaya nyingine ziliandika shajara moja ya nyumba nzima, na katika fungu lililofanywa kigezo kila mtu mzima aliandika yake, akitembelewa mara kwa mara.

Shajara ya mtu mmoja mmoja ilionyesha matumizi makubwa kuliko namna nyingi nyingine. Si ajabu kwa anayezijua nyumba zetu. Chai na maandazi aliyopata kijana kibandani, muhogo wa kuchoma njiani, mama atavijuaje? Na ukimwuliza "nafaka" kwa jumla, mtama alioletewa na wifi yake humponyoka. Kati ya kigezo na dodoso la makundi 11, idadi ya maskini ilipishana kwa zaidi ya pointi 10 za asilimia. Orodha ndefu ya siku 7 ndiyo iliyokaribia kigezo, kwa gharama ndogo sana kuliko shajara. Ningekuwa na kauli, ningeichagua hiyo.

Sasa turudi kwenye dola 3.00. Kupanda kwa mstari hakukutokana na bei peke yake. Nchi kadhaa za Afrika Magharibi zilikuwa zimeboresha tafiti zao za kaya na kuoanisha madodoso. Chakula ambacho zamani hakikuandikwa kikaandikwa, na mistari yao ya taifa ikapanda. Swali lililoulizwa kijijini Mali au Burkina Faso limesukuma kipimo cha dunia nzima.

Ndiyo maana ripoti ya umaskini inapotoka, siku hizi naanza na kiambatisho cha mwisho, chenye dodoso. Nahesabu vyakula vilivyoorodheshwa, natazama waliulizwa siku ngapi, na nani katika nyumba ndiye aliyejibu.