Aiskrimu ya Vanila Hupimwa kwa Kisahani

Aiskrimu ya vanila haina pa kujificha. Ya kakao husitiriwa na kakao, ya embe na embe lake. Hii ikikosewa, kosa linaonekana.

Kabla ya kuonja, natia kijiko kimoja kwenye kisahani na kuiacha dakika kumi. Iliyopikwa vizuri hulegea polepole kuanzia kingoni, ikawa rojo zito, laini kama malai, yenye umanjano wa mbali wa viini vya mayai. Ikichuja maji pembeni, haikushikana. Ikibaki povu lisilotulia, umeuziwa hewa.

Halafu ulimi. Ibonyeze kwenye kaakaa. Chenga zikisagika, hiyo ni barafu: maji yameganda taratibu mno, yakapata nafasi ya kujenga fuwele kubwa. Dawa yake ni subira. Rojo lilale usiku kucha kwenye friji, liingie kwenye mashine likiwa baridi kabisa. Asiye na mashine alimimine kwenye bakuli pana la bati, aliweke kwenye friza, na kila nusu saa alivuruge kwa uma kuanzia kingoni, ambako barafu huanzia.

Lakini mambo yote huamuliwa jikoni. Nusu lita ya maziwa, robo lita ya krimu, viini vitano, sukari gramu 150, chumvi chembe. Moto mdogo, mwiko usitulie, mpaka nyuzi 82 hivi. Bila kipimajoto, inua mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mfereji ukibaki wazi bila rojo kuufunika, ipua hapo hapo na uchuje. Niliwahi kwenda kufungua mlango tu. Niliporudi viini vilikuwa vimekatika madonge, na shombo la yai halikutoka tena. Rojo lionje likiwa vuguvugu: utamu uzidi kidogo, maana baridi huupunguza.

Vanila yenyewe uichague kwa vidole. Ganda zuri ni jeusi, lina mafuta, hujiviringisha kidoleni bila kukatika. Linalovunjika kama kijiti limekwisha harufu. Na vidoti vyeusi visikuhadae. Huweza kuwa unga wa maganda yaliyokwisha kukamuliwa. Harufu ya kweli hukaa kooni baada ya kumeza, wakati arki ya dukani huja kwa kishindo kisha ikapotea. Sioni uchungu kulipia ganda zuri. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na huku kwetu kila moja huchavushwa kwa mkono, Kagera hata Mukono, kwa mbinu aliyoibuni Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Pasua ganda, kwangua mbegu, vyote viive na maziwa.

Iliyoyeyuka usiirudishe kwenye friza, itaganda chenga tupu. Ile ya kisahani inywe.